Mashine za kufumia nguo zisiuzwe zote kwa kilo

Mhariri,

Katika gazeti lako nilisoma barua ya msomaji mmoja aliyetaka viwanda vya nguo vilivyofungwa vivunjwe vyote, na kwenye viwanja vyake zijengwe ofisi na mabweni ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Aliandika kwamba majengo yale ni magofu yanayokalia ardhi ya mjini bure. Nilikata kipande kile cha gazeti nikakitia mkobani, na siku chache baadaye nikapanda ndege kwenda kumwona mwanangu wa mwisho, anayesoma uhandisi katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, huko Marekani. Nimekaa wiki tatu katika mji ambao zamani ulikuwa wa viwanda vya nguo, ukafilisika, na leo una ofisi na wanafunzi kama anavyotaka ndugu yetu. Naomba nafasi nimjibu kwa niliyoyaona.

Nianze na mimi ni nani. Nilikuwa mfumaji kwa miaka 19. Nilisimamia mashine 12 kwa zamu, wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku, na kwa mshahara ule nililea watoto wanne. Kiwanda sitakitaja. Kilipofungwa tulikaa nyumbani miezi mingi tukisubiri kuitwa, na tulipoitwa tukakuta mashine zinang'olewa. Walizikata kwa gesi, wakazipakia kwenye malori, zikapimwa uzito na kuuzwa chuma chakavu. Mashine namba 7, ambayo kwa mlio wake tu nilijua kama uzi unakaribia kukatika, ilitoka getini vipande vitatu. Kwenye takataka niliokota kitu kimoja: kile kimtumbwi cha mti chenye ncha za chuma kinachobeba uzi kwenda na kurudi. Kipo kabatini kwangu hadi leo. Kwa hiyo anayeandika "vunjeni" ajue wapo wanaolisoma neno hilo na moyo ukawadunda.

Lowell uko kilomita 40 hivi kutoka Boston. Ukipanda treni stesheni ya North Station hufiki hata saa nzima. Ilikuwa Oktoba, majani ya miti yamewiva mekundu na manjano, baridi inaanza kuuma. Mwanangu alinipokea, akanivalisha koti lake, na kabla hata ya kunipeleka anakoishi akanisimamisha juu ya daraja dogo. Chini yake maji yalikuwa yanapita taratibu kati ya kuta za mawe, na pande zote mbili majengo ya matofali mekundu, ghorofa tano, sita, madirisha yamepangwa kama meno ya kitana. Akaniambia, "Mama, hivi vyote vilikuwa vya nguo."

Mto Merrimack hapo unashuka karibu mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket, na mji ulijengwa kwa ajili ya maporomoko hayo. Miaka ya 1820 matajiri wa Boston walinunua mashamba ya hapo, wakachimba mifereji, wakayaleta maji hadi chini ya kila kiwanda yazungushe magurudumu. Mji wakaupa jina la Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara aliyekwenda Uingereza akazitazama mashine za kufuma, akaondoka nazo kichwani kwa sababu Waingereza hawakuruhusu michoro itoke nje, kisha akaziunda upya kwao kwa msaada wa fundi. Yeye alifariki mwaka 1817, mji wenyewe haujazaliwa. Mifereji ile bado ipo, jumla yake inakaribia kilomita 9, na wanafunzi hukaa kandokando yake na vitabu vyao.

Mwanangu, kwa kuwa anasoma mambo ya mitambo, alinivuta hadi kwenye mlango mkubwa wa mbao unaoning'inia juu ya mfereji mmoja. Uliwekwa mwaka 1850 na mhandisi James B. Francis, ambaye watu walimcheka kwamba amepoteza fedha kwa kitu kisicho na kazi. Miaka miwili baadaye mto ukafurika. Usiku wakakata kwa patasi chuma kilichoushikilia, mlango ukashuka, mji ukapona. Mwaka 1936 ukaokoa mji tena. Francis huyohuyo ndiye aliyeunda hapo Lowell aina ya mtambo wa maji inayobeba jina lake hadi leo, na mwanangu aliniambia kwamba mitambo yote tisa ya Bwawa la umeme la Julius Nyerere ni ya aina hiyo. Nilisimama nikayatazama yale maji. Taa ya jikoni kwangu na mfereji wa kiwanda cha nguo, kumbe vina ukoo.

Siku ya tatu tulikwenda Boott.

Boott Cotton Mills ni kiwanda kilichoanza mwaka 1835 kikafungwa katikati ya miaka ya 1950. Kina mnara wa kengele, uwanja wa ndani uliozungukwa na majengo, na ngazi za mviringo zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Sehemu yake sasa ni ofisi, sehemu nyingine ni nyumba za kupanga, na sehemu moja ni jumba la makumbusho. Mlangoni walitupa vizibo vya masikio. Mimi sikuvitia. Tulipokuwa bado tunakaribia nilianza kuisikia kwa miguu, kupitia soli za viatu, sakafu inatetemeka. Anayeijua sakafu ile haisahau. Mlango ukafunguliwa, kelele ikanipiga kifuani, na machozi yakanitoka pale pale. Mwanangu alidhani nimeugua. Nilimshika mkono nikampigia kelele sikioni, "Hii ndiyo ilikuwa kazi yangu!" Amezaliwa nikiwa bado kiwandani, amekula na kusoma kwa kazi ile, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia.

Ukumbi una mashine 88. Haziwashwi zote kwa pamoja, chache tu zinatosha kukuzuia kusikia sauti ya jirani. Ni mashine za mwanzoni mwa karne ya 20, kongwe kuliko zetu na zimeundwa tofauti, lakini mwendo ni uleule: nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zinapanda na kushuka, kimtumbwi kinarushwa katikati kikiburuta mshindio, uzi wa kukatiza, chanuo linagonga uzi ukae mahali pake, kisha tena, na tena. Juu mikanda ya ngozi inazunguka kutoka kwenye mhimili wa darini. Kitambaa kinatoka taratibu sana, kidole kwa kidole.

Nikaona uzi wa mtande umelegea kwenye mashine ya nne kutoka dirishani. Sikuona mwujiza, ni macho ya kazi, hayastaafu. Nikanyoosha kidole. Fundi aliyekuwa zamu, mzee mwenye ndevu nyeupe na mafuta kwenye kucha, alinitazama, akatazama mashine, na papo hapo mashine ikasimama yenyewe kwa sababu uzi ulikuwa umekatika. Akaja. Mwanangu akamweleza mimi ni nani. Yule mzee hakusema lolote, alitoa mfukoni uzi mbovu, akaukata vipande viwili, akanipa. Nikafunga fundo la mfumaji, lile dogo lililo bapa linalopita bila kunasa, kwa mkono mmoja kama nilivyofundishwa na msimamizi wangu wa kwanza. Akafunga la kwake. Tukaweka mafundo mawili kiganjani mwake, moja kando ya jingine. Yalikuwa sawasawa. Yule mzungu hajui Kiswahili na mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini nadhani sijawahi kuzungumza vizuri na mtu kiasi kile kwa miaka mingi.

Ghorofa ya juu kuna habari za wafumaji wenyewe. Hapa nilikaa muda mrefu, mwanangu ananitafsiria. Wa kwanza walikuwa wasichana wa mashambani, wengi wao kati ya miaka 15 na 30, waliokuja kukaa kwenye nyumba za kampuni chini ya uangalizi wa mama wa nyumba. Kengele iliwaamsha alfajiri, wakafanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, siku sita kwa wiki. Madirisha yalifungwa ili hewa ibaki na unyevu, maana uzi wa pamba ukikauka hukatika. Na vumbi likabaki ndani pamoja nao. Kulikuwa na vimtumbwi ambavyo ulilazimika kuvuta uzi kwa mdomo upite tundu lake, mdomo huu kisha ule, na kifua kikuu kikapita njia hiyohiyo. Massachusetts ilivipiga marufuku mwaka 1911. Vya kwetu vilikuwa vinajivika uzi vyenyewe, na sikuwahi kujiuliza ni nani waliokufa hadi ikawa hivyo.

Wasichana wale waligoma mwaka 1834 walipopunguziwa ujira, wakagoma tena mwaka 1836 walipopandishiwa gharama za malazi. Mmoja wao, Sarah Bagley, aliongoza chama cha wanawake wa viwandani na mwaka 1845 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo kudai siku ya kazi iwe ya saa 10. Kamati ikasema hayo si mambo ya bunge. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipita mwaka 1874. Miaka 29! Nilimwomba mwanangu anihesabie mara mbili.

Na pamba? Hapo ndipo watu wa makumbusho wamenipendeza, hawakuficha. Pamba ilitoka majimbo ya kusini, imechumwa na watumwa, watu wa asili yetu. Sehemu ya nguo nzito za bei ya chini zilizofumwa Lowell zilirudishwa hukohuko kuvishwa watumwa. Wale wasichana waliodai haki yao walikuwa wanashika kila siku uzi uliotoka kwenye mikono ya waliofungwa. Wengine walitambua, wakatia saini kupinga utumwa. Wenye mali walikuwa na lao.

Lakini jambo lililoninyima usingizi usiku ule halikuwa ukutani. Lilitoka kwa bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Bagamoyo. Kwenye kasha lake alikuwa na jora la kitambaa kizito cha rangi ya maziwa yaliyoganda, alilolitenga kwa ajili ya sanda yake. Aliliita marekani. Sisi wajukuu tulikatazwa kulishika kwa mikono yenye mafuta. Alisema marekani haidanganyi: ukiinunua si nyeupe, lakini kila ukiifua inazidi kung'aa. Sikuwahi kufikiri kwa nini kitambaa kiitwe jina la nchi. Wasomaji wengi wa gazeti hili wamelisikia neno hilo kwa bibi zao na nadhani nao hawajauliza.

Ni hivi. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, mji wa bandari wa Massachusetts. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu; walicholeta kwa wingi ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kutoka viwanda vya jimbo hilo la Massachusetts. Kikapendwa kwa ugumu wake hadi kikachukua jina la nchi. Kikapanda na misafara hadi Unyanyembe, huko Tabora, na mbele, wapagazi wakilipwa kwacho, mahongo, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi za watemi, yakilipwa kwacho, kikipimwa kwa mikono: shuka mikono minne, doti mikono minane. Tunaposema doti ya khanga tunatumia kipimo cha barabara ile. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikakosekana viwandani, na sokoni kwetu nguo za Bombay na za Uingereza zikachukua nafasi. Jina likabaki.

Basi fikiri nimesimama katikati ya ukumbi ule. Maji ya mto Merrimack, pamba ya watumwa, vidole vya msichana wa shamba aliyeamshwa na kengele, meli ya Salem, mgongo wa mpagazi, pembe ya ndovu, hadi sanda ya bibi yangu. Mimi nimefuma miaka 19 bila kujua kwamba ukoo wangu ulikuwa na deni na dai katika kazi ile. Nilijulishwa na mji ambao haukuvunja kuta zake.

Nataka msomaji mwenzangu anielewe vizuri hapo, maana nao karibu wavunje. Viwanda vya Lowell vilianza kufa miaka ya 1920, wenye mitaji walipohamia kusini kwenye ujira mdogo. Kwa muda wa miaka 50 ule ulikuwa mji wa watu wasio na kazi, na watoto walioona aibu kusema wanatoka wapi. Miaka ya 1960 tingatinga liliingia: kiwanda cha kwanza kabisa cha mji, cha kampuni ya Merrimack, kikasambaratishwa pamoja na safu ya nyumba walizolala wasichana, kwa hoja zilezile za barua niliyoibeba mkobani. Aliyesimama kusema hapana alikuwa mwalimu, Patrick Mogan. Yeye aliona mji mzima uwe darasa, mtoto ajifunze kwa mfereji, kwa mashine na kwa hadithi ya babu yake aliyehamia hapo. Mwanasiasa mzaliwa wa mji huo, Paul Tsongas, akaibeba hoja hadi Washington, na mwaka 1978 sheria ikatangaza katikati ya mji kuwa hifadhi ya taifa ya kihistoria. Askari wa hifadhi wamevaa kofia kama wale wanaolinda wanyama, na wanalinda mashine za kufumia!

Ofisi nazo zina somo lake. Miaka ya 1970 ilikuja Lowell kampuni ya kompyuta ya Wang, ikajenga minara mitatu mirefu pembeni mwa mji, ikaajiri maelfu. Watu wakaamini wamepona. Mwaka 1992 kampuni ikafilisika, na minara iliyogharimu dola milioni 60 kujengwa ikauzwa mnadani mwaka 1994 kwa dola 525,000. Leo minara hiyo ina wapangaji tena. Nimeitazama kwa mbali tukiwa kwenye gari, vioo vinang'aa. Mwenye ndoto ya ofisi mpya kila mahali ajue kwamba kompyuta nazo zimewahi kukauka katika mji huohuo zilipokauka nguo.

Kilichoshikilia mji nyakati zote mbili ni shule. Mwaka 1895, viwanda vikiwa bado vinanguruma, Lowell ilianzishiwa chuo cha ufundi wa nguo: kusokota, kufuma, kutia rangi. Viwanda vilipokufa chuo hakikufa. Kilipanua masomo, kikaungana na chuo cha ualimu cha mji huohuo miaka ya 1970, na tangu mwaka 1991 kinaitwa Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell, chenye wanafunzi kama 17,000, mwanangu mmojawapo. Sehemu ya ofisi na maabara zake iko ndani ya Wannalancit, kiwanda cha zamani cha nguo kando ya mfereji. Mwanangu alinipitisha huko. Vijana wa kila rangi wanapanda ngazi wakiwa na kompyuta mgongoni, nguzo za mbao ni zilezile, na sakafuni, ukiangalia vizuri chini ya rangi, kuna matundu ya parafujo yaliyopangwa mistari. Nilijua mara moja ni nini. Hapo zilisimama mashine. Nilipiga hatua toka tundu hadi tundu kupima nafasi ya mfumaji kupita, na ilinitosha mimi kiunoni kama ya kwetu.

Wanafunzi na maofisi, basi, wanaenea vizuri ndani ya kiwanda cha nguo. Madirisha makubwa yaliyowekwa mfumaji aone uzi yanamwonesha mwanafunzi kitabu. Kuta zile nene zinazuia baridi. Mji unao mashaka yake pia. Kodi ya nyumba kwenye majengo hayo yaliyokarabatiwa inamshinda mtu wa kipato cha chini, na mwanangu na wenzake watatu wanabanana mbali kidogo na mifereji. Hilo nalisema ili asidhani mtu nimerudi na picha za kupamba.

Na mji haukuacha kupokea wageni. Waairishi, Wakanada wanaosema Kifaransa, Wagiriki, Wapoland, Wareno, kila kundi lilipita mlango wa kiwanda. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaja Wakambodia waliokimbia vita, na leo wako maelfu. Waafrika nao. Jumapili moja tukiwa dukani nilisikia nyuma yangu, "Shikamoo, mama." Alikuwa dada wa Kenya anayefanya kazi ya kutunza wazee, amekaa Lowell miaka 14. Aliniuliza nimeonaje mji. Nikamweleza habari ya marekani. Alinyamaza, kisha akasema kwamba nyanya yake Mombasa alikuwa na neno hilo, na yeye hupita mbele ya Boott kila asubuhi akiwahi basi.

Kwenye duka la makumbusho wanauza vitambaa vya jikoni vilivyofumwa na mashine zilezile nilizoziona. Nilinunua viwili. Kimoja kina kasoro ndogo, uzi mmoja wa mshindio umeruka nyuzi tatu za mtande. Nilikichagua kwa ajili ya hiyo kasoro, kwa kuwa inaonesha pale ambapo mtu angepaswa kusimamisha mashine.

Sasa ombi langu, Mhariri. Mashine namba 7 haitarudi. Lakini yapo majengo ambayo paa lake bado limesimama, na ndani zipo mashine zinazosubiri mizani. Wenye mamlaka juu ya majengo hayo nawaomba wabakize ukumbi mmoja, mashine 10 tu, na umeme wa kuziwasha siku moja kwa wiki. Kilichobaki wakipangishe vyuo, wakipangishe ofisi, sina ugomvi. Wasichelewe, kwa sababu mashine bila mfumaji ni chuma, na wafumaji tunapungua. Katika zamu yetu tulikuwa wanawake 31. Mwaka huu nimehudhuria maziko ya wawili.

Na kwako wewe naomba nusu ukurasa, mara moja kwa mwezi, tuandike maneno ya kazi yetu kabla hayajapotea. Kila sehemu ya mashine tuliipa jina, mengine ya Kiswahili, mengine tuliyasikia kwa mafundi wa kigeni tukayageuza hadi yakawa yetu. Niliporudi nilinunua daftari. Nimeandika maneno 46, na kando ya kila neno nimeandika linafanya nini, na nani alinifundisha. Walio na mengine wayatume. Neno la 47 sijalikumbuka: ni lile tulilomwitia fundi mashine ikirusha kimtumbwi nje. Kulikuwa na neno, lilipigiwa kelele kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine na kila mtu aliinama. Aliyefanya kazi ya zamu, popote alipo, akilikumbuka aniandikie kupitia gazeti hili.

Mfumaji mstaafu,
Morogoro